Kichwa cha Kujifunzia

Siku hizi hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi Malawi, kila mwanamke anayejua kushika kichana anasema alifundishwa na Mwalimu. Ukikaa kwenye foleni ya maji utawasikia. Mwalimu alikuwa na mikono yenye baraka. Mwalimu alitufungulia njia. Bila Mwalimu tungekuwa wapi? Mimi hunyamaza, nasogeza ndoo yangu mbele. Kunyamaza nimezoea. Huyo huyo Mwalimu alininyamazisha miaka mitano, nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki, kitenge kimefungwa shingoni, nywele zangu ziko mikononi mwa watu.

Jina la mama huyo sitalitaja, na si kwa heshima. Yeye langu hakulitaja hata siku moja. Aliniita Kichwa.

"Kichwa imefika?" alikuwa akiuliza asubuhi, kwa Kiswahili chetu cha Kongo, akifungua saluni. "Kichwa imekula? Mupe Kichwa chai, tuanze."

Wanafunzi walicheka siku za mwanzo. Baadaye hata kucheka waliacha, likawa jina.

Nywele zangu ni za singa, laini na nzito, nilizirithi kwa bibi yangu wa Kindu. Wakati ule zilifika kiunoni. Kambini nywele kama hizo ni chache, na za kukaa saa tatu zikifungwa na kufunguliwa na wasichana wasiojua kitu ni chache zaidi. Misuko ya kawaida wanafunzi walijifunzia vichwani mwao wenyewe, mmoja anamsuka mwenzake. Lakini Mwalimu misuko aliidharau. Alikuwa amefanya kazi katika saluni za Bukavu, akifunga nywele za wake za wafanyabiashara, na alijua Lilongwe wanataka nini. Maharusi wa Kihindi na mabibi wa ofisi za City Centre wana nywele ndefu zinazoteleza, na mtu wa kuzifunga zikakaa siku nzima hapatikani kirahisi.

"Misuko kila mama anajua," alisema. "Singa njo ile inafungulaka mlango."

Basi mlango ukawa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne alipokuja kwetu kumwomba mama. Mama alikuwa mjane mwenye watoto wanne, akiuza mandazi sokoni, na Mwalimu aliahidi nitakula kwake mchana kila siku na nitafundishwa kazi. Mama akasikia neno kazi. Hakuuliza nani atafundishwa na nani atafundishiwa.

Waswahili wana msemo wa kichwa cha mwendawazimu, kile ambacho kila kinyozi anakwenda kujifunzia kunyoa kwa sababu mwenyewe hawezi kulalamika. Nilikuwa nausikia tangu utoto, nikidhani ni mzaha tu. Kumbe kuna watu wanakaa ndani yake.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba cha matofali ya udongo nyuma ya soko, na sakafu ya udongo, kioo kimoja chenye ufa, na pazia mlangoni. Mwalimu alivaa vibanio vyake kwenye ukosi wa gauni, safu mbili, vyeusi vyembamba. Sisi Wakongo tunaviita pensi. Alivipenda kuliko alivyopenda watu. Kibanio kikianguka kwenye udongo kilipotea au kilipinda, kwa hiyo alikuwa na desturi moja ambayo wote tunaikumbuka. Mwanafunzi akimaliza kufunga, Mwalimu alisimama nyuma yangu, akaweka kiganja chake wazi chini ya kisogo changu, akasema, "Tikisa." Nami nilitikisa kichwa, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Kibanio kikilegea kilidondoka kiganjani mwake. Kikidondoka kimoja, mwanafunzi alianza upya. Siku nyingine nilitikisa kichwa mpaka naona kizunguzungu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Alijua kazi. Alikuwa na mtindo aliouita kamba ya kisima. Unachukua fungu la nywele nyuma ya sikio, unaligawa mara mbili, kila nusu unaisokota kwenda kulia, kisha unazipitisha moja juu ya nyingine kwenda kushoto, na zinashikana zenyewe. Ukizisokota na kuzipitisha upande mmoja, zinafumuka kabla hujafika mwisho. Kamba hiyo aliizungusha kisogoni ikawa konokono, halafu vikaja vibanio. Wengi wanadhani kibanio kinasukumwa tu ndani. Yeye alikielekeza nje kwanza, kikakamata nywele chache za konokono, akakigeuza, ndipo akakisukuma kikaume nywele za chini, zile zilizolala kwenye ngozi. Kibanio kisichokamata za chini kinapendeza kwenye kioo na kinaanguka ukipiga chafya.

Haya yote nayajua, na hakunionyesha hata mara moja. Alikuwa nyuma yangu. Niliyapata kwa ngozi ya kichwa. Baada ya mwaka mmoja niliweza kusema, macho yamefumbwa, ni mwanafunzi gani ameshika nywele zangu, amegawa sawasawa au ameiba upande mmoja, na kibanio kipi kimekamata na kipi kinadanganya. Siku moja nilisema kwa sauti. Msichana alikuwa akihangaika na kibanio cha nyuma, nikamwambia, "Hakijashika za chini, dada."

Mwalimu alinipiga utosini na mgongo wa kichana.

"Kichwa haisemake," alisema. "Ikisema, hawa batoto watafundishwa na nani? Lilongwe bibi arusi atawaambia wapi pensi inalegea?"

Ilikuwa hoja, sikatai. Lakini nilikuwa na miaka kumi na tano, na utosi uliniuma hadi jioni.

Nilimwomba kichana mara nyingi. Mwaka wa pili nilimwomba kwa adabu, mwaka wa tatu nikamwomba nikilia. "Mwalimu, na mimi nifundishe. Nitakaa asubuhi, mchana nijaribu kwa mwenzangu." Jibu lilikuwa lile lile: "Utajaribu wapi? Singa iko kwa kichwa yako tu. Kinyozi hajinyoake." Kisha alicheka, akanipa parachichi zima nile. Chini ya kitenge, mahali ambapo hakuna aliyeona, vidole vyangu vilikuwa vinasokota nyuzi za pindo la sketi yangu. Kulia, kisha kushoto. Siku moja aliona kitenge kinachezacheza, akasema mikono itulie. Nikaituliza mpaka alipogeuka.

Lazima niseme na mengine, ingawa yananiudhi kuyasema. Mwalimu alikuwa Mkristo wa kuimba kwaya, mwenye sauti nene iliyosikika mpaka kwenye vibanda vya sokoni. Sisi ni Waislamu. Mama alikubali nikae kichwa wazi kwa sharti moja, kwamba hakuna mwanamume atakayeniona. Mwalimu alilishika sharti hilo kuliko hata mama alivyolishika. Lile pazia la mlangoni aliliweka kwa ajili yangu. Siku moja mzee wa kanisa lake alikuja na shida ya kwaya, akalifunua pazia bila kupiga hodi. Mwalimu alimfukuza kwa kichana mkononi, mbele za watu, mtu mzima mwenye koti. "Huyu mtoto ana Mungu yake!" alipiga kelele. "Heshimu!" Ramadhani hakunigusa mchana, aliwaambia wanafunzi waje jioni baada ya mimi kufuturu, na alinihifadhia tende alizozipata sijui wapi. Nilipougua malaria alikaa kwetu siku mbili akinikanda kwa maji. Na wakati ananikanda, homa imenikaba, aliniambia, "Pona haraka, Kichwa. Batoto banangoja." Sijui nimwekee lipi kwenye mzani. Nikikumbuka tende, nakumbuka na mgongo wa kichana.

Sasa nifike Lilongwe, maana hasira yangu inakaa huko.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mwenye saluni mmoja wa City Centre, mama wa Kimalawi, alimtumia Mwalimu ujumbe kwamba anatafuta msichana mmoja wa kufunga nywele ndefu, kazi ya kudumu. Atamshughulikia makaratasi ili akae mjini. Asiyekaa kambini hawezi kujua maneno hayo yana uzito gani. Sisi hata kwenda sokoni Mponela au Lilongwe kwa siku moja tunaomba ruhusa, na ruhusa ina tarehe ya kurudi. Nilimfuata Mwalimu nyumbani kwake. Nilipiga magoti. Nikamwambia, "Mwalimu, mi naweza. Nijaribu mbele yako, leo hii."

"Utakwenda," alisema.

Nililala kwa furaha. Asubuhi tulipofika kituoni nilimkuta na msichana wa Uvira, mwanafunzi wake, mwimbaji mwenzake wa kwaya. Mwalimu alikuwa amepata ruhusa za watu watatu. Msichana wa Uvira alikuwa amebeba kichana na dawa ya nywele. Mimi nilikuwa nimebeba nywele.

Sikurudi nyuma. Hilo najilaumu hadi leo. Nilipanda gari, nikatazama mashamba ya tumbaku mpaka Lilongwe.

Mwenye saluni alitupokea vizuri. Mwalimu alimwambia kwanza kabisa, kabla hata ya kukaa, kwamba hakuna mwanamume atakayeingia, nao wanaume wawili wa mashine za kunyoa wakahamishiwa barazani. Nikavua ushungi. Mwenye saluni akashika nywele zangu, akasema zikomo, zikomo, asante, asante, kana kwamba nimemletea zawadi. Msichana wa Uvira akaanza kazi. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Kamba ya kushoto aliisokota vyema. Ya kulia alianza vizuri, katikati akasahau upande, nikaisikia inalegea. Akaizungusha hivyo hivyo. Vibanio vya juu vilishika. Cha nyuma, kile kinachobeba konokono yote, kilikuwa kimekaa juu juu. Hakikukamata hata unywele mmoja wa chini.

Kwenye kioo ilikuwa nzuri. Mwenye saluni alipiga makofi. Kisha akauliza, kwa ishara na Kichewa chake, itakaa? Mwalimu akaja nyuma yangu. Akaweka kiganja chini ya kisogo.

"Tikisa."

Nilikuwa na uwezo wa kumaliza mambo hapo hapo. Kutikisa kidogo tu kwa haki, konokono ingeshuka mgongoni, na mwenye saluni angeuliza kama kuna mtu mwingine. Ningesema, mimi. Nilimwona msichana wa Uvira kwenye kioo, midomo inacheza, anaomba. Na nilisikia kiganja cha Mwalimu, karibu kabisa na ngozi yangu. Miaka mitano kiganja hicho kilikuwa kinanilisha. Nikakaza shingo. Nilitikisa mabega, nikazungusha kiuno, nikafanya mbwembwe zote, lakini kichwa nilikibeba kama mtu mwenye mtungi. Kibanio hakikuanguka.

Msichana wa Uvira alibaki Lilongwe. Mwalimu na mimi tulirudi jioni, tukashuka barabarani na kupanda kabaza mbili, zile baiskeli za abiria, yeye mbele, mimi nyuma. Hakunishukuru. Aliimba njia nzima.

Mama alisema ni mambo ya dini, Mkristo amempa Mkristo mwenzake. Niliamini hivyo miaka mingi, kwa sababu ilinipa mahali pa kuiweka hasira.

Siku ya tatu nilichukua mkasi wa mama wa kukatia vitambaa, nikakata nywele zote. Zilizobaki nikanyoa kwa wembe. Mama alipoingia alipiga yowe mpaka majirani wakaja, kwa sababu kwetu mwanamke hanyoi upara ila kwa msiba. Nikafunga ushungi, nikaenda saluni. Wanafunzi walikuwa wamekaa tayari, kiti changu kiko wazi, Mwalimu ameshika kitenge cha shingoni. Nikavua ushungi.

Kitenge kilimdondoka.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Kichwa yako, Mwalimu," nikamwambia. "Njo imekufa."

Nilipofika mlangoni nilimsikia nyuma yangu, sauti imepasuka: "Asante ya punda ni mateke!" Kwa muda mrefu nilijivunia lile jibu langu la Kichwa kufa. Masomo ya singa yalisimama. Wanafunzi walinichukia, na walikuwa na haki, kwa maana wao hawakunikosea.

Nywele zikiwa bado fupi nilifumua magunia ya mbolea na kusokota nyuzi zake, kulia, kisha kushoto, nikizifunga kwenye kitasa cha mlango. Zilipokua nilihamia kichwani mwangu, bila kioo. Mikono ilikuwa mizito, lakini ngozi ilikumbuka kila kitu, ikawa inaiambia mikono: hapana, hakijashika, toa, rudia. Ilichukua miaka mitatu kabla sijafunga bibi arusi wa kwanza. Sasa Jumamosi huomba ruhusa na kwenda Lilongwe, nikiitwa majumbani. Juzi niliitwa mpaka Nathenje, kusini ya mji. Nikimaliza kumfunga mtu humwuliza, "Unasikiaje? Wapi panalegea?" Wengine hushangaa kuulizwa. Nami hungoja mpaka waseme.

Miaka saba sikukanyaga saluni yake. Tulipokutana njiani nilimwamkia kwa sababu ni mzee, naye aliitikia, basi. Kisha mwaka huu, baada ya mvua kwisha, mama mmoja wa kwaya alinifuata kisimani. "Mwalimu anasema, Kichwa apite kwake."

Nilitaka kukataa. Nikaenda ili nimwambie yote niliyoyapanga miaka saba. Nilijifunga nywele asubuhi ile, kamba mbili, konokono moja, vibanio kumi. Nilijifunga kwa hasira na nikajifunga vizuri.

Alikuwa amekaa kitandani. Vidole vyake vimepinda na kuvimba kwenye viungo, havishiki hata kikombe bila mikono yote miwili. Saluni imefungwa. Hakunipa nafasi ya kuanza maneno yangu. Akasema nifunge mlango, nivue ushungi, nikae chini mbele yake. Nikafanya. Hata hilo lilinikera, jinsi nilivyotii upesi.

Alipitisha vile vidole vibovu nyuma ya sikio langu, akafuata kamba mpaka kisogoni. Akagusa kibanio kimoja kimoja, polepole.

"Nani alikufunga?"

"Mi mwenyewe."

"Kinyozi hajinyoake."

"Huyu anajinyoaka, Mwalimu."

Akakigusa tena kibanio cha nyuma. Nje kulikuwa na watoto wanapigania mpira wa makaratasi.

"Ile siku ya Lilongwe," alisema, "ulishika shingo."

Sikugeuka.

"Pensi ya nyuma ilikuwa hewani. Mi nilionaka. Mkono yangu ilikuwa pale chini, inangoja ianguke."

"Ulijua?"

"Nilijua toka kambini, mbele tufike. Yule mutoto hakukuwa na mkono ya kazi. We njo ulikuwa na mkono. Unafikiri sikuonaka vile vidole chini ya kitenge, miaka yote ile?"

Nilimwuliza kwa nini. Nilipiga kelele, sikuuliza. Nikamwambia, ni kwa sababu ya dini, sivyo? Ni kwa sababu yule msichana ni wa kwaya na mimi wa msikiti?

"Dini?" Alishangaa kweli. "Mungu iko na kazi gani na pensi? Kama ungekwenda, bale batoto wengine ningewafundisha na kichwa ya nani?"

Basi. Hilo tu. Alilisema kama mtu anayekueleza kwa nini hakuuza jembe lake la pekee. Nilingoja aongeze neno, hata moja, hata pole. Nilitaka alie. Hakulia. Nilihesabu moyoni wasichana waliopita kwenye nywele zangu, ambao leo wanalisha watoto wao, na hesabu ile haikunipoza. Ilinichoma zaidi, kwa sababu hakuwa amesema uongo.

Nikataka kuinuka. Ndipo nikasikia kitu chini ya kisogo changu. Alikuwa ameleta kiganja chake, hakifunguki vizuri, amekikinga pale pale pa siku zote.

"Tikisa," alisema.

Nilitikisa. Sikukaza shingo. Nilitikisa kulia na kushoto, mbele na nyuma, kwa ile miaka mitano na ile saba, mpaka machozi yakaruka, mpaka shingo ikalia na chumba kikazunguka. Nilipoacha, nilikuwa nahema. Yeye alikuwa bado amekinga mkono, anangoja, na kiganjani hakukuwa na kibanio hata kimoja.